Solo la baba, wimbo wa nani?

"Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Kirumba, Mwanza. Baba yangu ana miaka 72, zamani alikuwa mpiga gitaa, ila hakuwa mwanabendi wa kudumu, alikuwa anapiga deiwaka. Mwaka 1984 bendi moja ya hapa ilimchukua wakaenda Dar es Salaam kwa treni kurekodi Radio Tanzania (RTD). Wimbo mmoja ulivuma, mpaka leo unapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa. Mtangazaji humtaja kiongozi wa bendi, ambaye sasa ni marehemu, kuwa ndiye mtunzi, basi. Baba anasema kile kipande cha gitaa kinachofungua wimbo, ambacho watu hukiimba hata wasiojua maneno, alikitunga yeye ndani ya behewa walipokwama Tabora. Mwaka jana kijana mmoja wa bongo fleva ametoa wimbo ambao kipande kile kinazunguka mwanzo hadi mwisho. Tumesikia watoto wa marehemu wamepewa chochote, baba hajaulizwa na mtu. Kibaya zaidi, mzee mwingine wa Nansio, Ukerewe, amehojiwa redioni akasema gitaa lile alipiga yeye. Tangu siku hiyo baba hali vizuri. Kaka zangu wanataka kesi. Mjomba anasema tuweke wimbo kwenye bahasha tujitumie wenyewe kwa posta, uwe ushahidi. Shangazi anasema alishalipwa posho yake, aache. Je, baba ana haki? Tuanzie wapi?"

Marahaba mwanangu, na mfikishie mzee salamu zangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika mengi kuhusu pesa, lakini sentensi iliyonishika ni ile fupi: tangu siku hiyo baba hali vizuri. Hebu angalia mwenyewe ulichoandika. Hakuacha kula kijana alipotoa wimbo, wala mliposikia watoto wa marehemu wamepewa chochote. Ameacha siku mwenzake aliposema redioni kwamba gitaa lile ni lake. Kinachomuuma mzee ni jina kabla ya mfuko. Nitakujibu kwa mpangilio huo huo, jina kwanza na pesa baadaye, maana vitu hivi viwili havipatikani ofisi moja, na mkivikimbilia vyote kwa pamoja mnaweza kurudi mikono mitupu.

Hapo nyumbani kwenu kila mtu anatumia neno "haki" kwa maana yake, ndiyo maana hamsikilizani. Ninyi watu wa Kirumba mtanielewa nikianza na mtumbwi. Usiku wa dagaa kuna mwenye mtumbwi, kuna mwenye nyavu na taa, na kuna wavuvi. Asubuhi pale Mwaloni dagaa ni wale wale, lakini kila mmoja ana fungu lake na sababu ya fungu lake. Wimbo uliorekodiwa uko hivyo. Ndani yake kuna utunzi, yaani melodi na maneno, kitu ambacho kingebaki hata utepe ungeungua. Kuna upigaji: vidole vya baba yako, siku ile, chumba kile, na haki zake sheria yetu inaziita hakishiriki. Halafu kuna rekodi yenyewe, ule utepe uliozunguka kwenye mashine ya RTD, ambao mwenyewe ni aliyeurekodi. Tofauti ni kwamba wavuvi huelewana mgawo kabla ya kuondoka ufukweni. Bendi zetu zilielewana posho na nani analala kitanda gani.

Sasa shangazi. Shangazi hajakosea kabisa, amechanganya mafungu. Posho ililipa siku ya kazi ya mpigaji. Haikununua utunzi, kama mpigaji alitunga kitu. Mwaka 1973 kundi la Pink Floyd la Uingereza lilitoa albamu ambayo ndani yake mna wimbo usio na maneno. Kuna mwanamke anapaza sauti tu, analia, anashuka, anapanda tena. Yule alikuwa Clare Torry, mwimbaji wa kukodiwa, aliitwa studio Jumapili moja akalipwa pauni 30. Hakupewa melodi ya kufuata. Kilichotoka kinywani mwake alikitunga pale pale. Mwaka 2004 alikwenda mahakamani, 2005 wakamalizana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake linaandikwa kwenye utunzi wa wimbo ule. Pauni 30 zilikuwa malipo halali ya Jumapili, hakuna aliyesema hakulipwa. Ila hazikuwa bei ya alichotunga.

Wanamuziki wengi hukosea hapa, na nitakaa hapa kidogo. Si kila aliyepiga ametunga. Mwaka 1967 bendi ya Procol Harum ilitoa wimbo ambao watu waliupenda kwa kinanda chake kuliko kwa maneno yake. Mpiga kinanda, Matthew Fisher, hakuandikwa kuwa mtunzi. Alikaa kimya karibu miaka 40, akafungua shauri 2005. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikampa asilimia 40 ya utunzi wa muziki, Mahakama ya Rufaa ikamnyang'anya malipo, na mwaka 2009 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, likamrudishia. Kwa nini alishinda? Kwa sababu aliyeleta wimbo alikuja na njia ya kodi, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja, na melodi ya kuimba, lakini ile melodi ya kinanda inayopita juu ya kodi hizo ilikuwa mpya, inajitegemea, na ukiitoa wimbo unageuka kitu kingine. Na hapa kaka zako wanaopenda kesi wasikilize vizuri: alilipwa kuanzia 2005 alipodai. Pesa za miaka yote ya nyuma hakupewa.

Basi pima kipande cha baba yako kwa kipimo hicho. Mtu anaweza kukiimba kwa mdomo bila gitaa? Umeniambia wanakiimba hata wasiojua maneno. Hiyo ni dalili njema sana. Je, kilikuwepo kwenye melodi ya mwimbaji, kwamba gitaa lilikuwa linamfuata tu? Je, ni mzunguko uliokuwa ukipigwa na kila bendi miaka ile, ukabadilishwa ufunguo? Haya mjibu kwa ukweli, hata kama yanauma. Mimi nilipiga besi kwenye kaseti moja miaka ya 90. Kaseti ilipotoka, jaladani kwenye besi kulikuwa na jina la mdogo wake mwenye vyombo, kijana ambaye siku ya kurekodi kazi yake ilikuwa kutuletea chai na maandazi. Nilikasirika mwaka mzima. Lakini nikijiuliza kama nilitunga kitu, jibu ni hapana. Nilipiga noti tatu ambazo kila mpiga besi kutoka Kigoma hadi Tanga alikuwa anazipiga. Nilistahili jina. Utunzi haukuwa wangu. Baba yako, kwa maelezo yako, yuko upande wa pili, mwenye dai la utunzi, lakini maelezo yako ni ya mtoto anayempenda baba yake, na upande wa pili nao wana watoto.

Kwenye dansi letu jambo hili lina ukungu wake. Aliyeitwa mtunzi ndiye aliyekuja mazoezini na maneno na namna ya kuyaimba. Baada ya hapo wimbo ulipikwa na bendi nzima: wa gitaa la rithim akatafuta mkato wake, besi ikaingia, tumba zikaamua mwendo, na wimbo ulipofika kwenye chemko, pale unapokolea kasi na watu wanasimama, mara nyingi hakukuwa na neno lolote la mtunzi, ni magitaa na tarumbeta vinajibizana. Redioni ikatajwa bendi, jina la wimbo na mtu mmoja. Hakuna aliyekusudia kuiba. Ndivyo desturi ilivyokuwa. Hata Marekani, wapigaji wa studio ya Motown kule Detroit walitengeneza nyimbo zilizotikisa dunia tangu 1959, na hawakuandikwa majina kwenye jalada la albamu ya kampuni ile hadi 1971.

Mpiga besi mkuu wa Motown ndiye atakayetupeleka Nansio. Aliitwa James Jamerson, alifariki 1983 akiwa na miaka 47. Baada ya kifo chake mpiga besi mwingine mashuhuri, Carol Kaye wa Los Angeles, alisema baadhi ya nyimbo zinazohesabiwa kuwa za Jamerson alipiga yeye. Wenzake Jamerson wakakana. Watu wametafuta karatasi za malipo za chama cha wanamuziki, wamesikiliza tepu za vyombo kimoja kimoja, na ugomvi haujaisha. Kinachonivutia ni kwamba Kaye hakuwa mtu wa kubabaisha. Alipiga kwenye mamia ya rekodi kubwa, na Motown kweli ilirekodi pia Los Angeles. Mpigaji wa kukodiwa hupiga nyimbo nne kwa siku, nyingine bado hazina majina, nyingine hurudiwa mji mwingine na watu wengine. Miaka 20 baadaye anasikia redio na vidole vyake vinaukumbuka. Vidole havikumbuki tarehe. Hata sisi, Malaika tumeiimba hadi kwenye harusi za wageni, na bado wako wanaosema ni ya Fadhili William aliyeirekodi na wanaosema ni ya Adam Salim.

Kwa hiyo kabla hamjamwita mzee wa Nansio mwongo, naomba mfikirie jambo ambalo kaka zako hawajalifikiria: inawezekana wazee wote wawili wanasema kweli. Bendi nyingi za dansi zilikuwa na gitaa la solo na second solo. Magitaa hayo mawili hayakupiga kitu kimoja. Moja linadondosha noti, la pili linajaza pengo, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi ukipanda mwingine unashuka. Ukiwa mbali unasikia kinu kimoja. Studio ya zamani yenye maikrofoni chache ndiyo iliyozidi kuyachanganya, sikio likapokea gitaa moja. Kile "kipande" ambacho mitaa inakiimba kinaweza kuwa nusu cha baba na nusu cha mwenzake, na kila mmoja kwa miaka 40 amekuwa akisikia nusu yake.

Niliwahi kukaa na wazee wawili wa namna hii kwenye kibaraza pale Igogo. Walikuwa hawasalimiani. Nikampa wa kwanza gitaa, nikamwambia piga kama siku ile. Akapiga na watu wote kibarazani wakatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Wa pili akacheka kwa dharau, akalichukua. Akapiga, na yeye watu wakasema ndiyo. Ila mimi nilikuwa naangalia mikono. Wa kwanza alitumia kidole gumba na cha shahada, mkono wake wa kushoto uko juu kabisa karibu na mwili wa gitaa. Wa pili alitumia kipande cha plastiki alichokata kwenye kadi ya simu, na hakupita katikati ya shingo. Na kila mmoja kuna mahali alikuwa "anapumua", anaacha nafasi bila kujua. Nikaazima gitaa la pili kwa jirani, nikawaambia pigeni pamoja. Mzunguko wa kwanza waligongana. Wa pili ukakaa. Mzee wa pili akanyamaza, akashusha gitaa, akasema, "Kumbe hii ndiyo ulikuwa unapiga?" Walikuwa jukwaani pamoja miaka sita na hajawahi kumsikia mwenzake, kwa sababu spika yake ilikuwa inamwelekea yeye.

Simaanishi yenu itaisha hivyo. Mmoja anaweza kuwa amesahau, au anajua fika anachofanya. Lakini mikono ni shahidi ambaye hamna budi kumsikiliza kwanza, na shahidi huyo ana miaka 72. Mrekodini baba kwa video, simu yoyote inatosha, kamera iangalie mikono yote miwili na siyo uso. Apige kipande taratibu, kisha kwa mwendo wake. Aeleze gitaa lilikuwa la nani, liliwekwa sauti vipi, nani alikaa wapi chumbani, walirudia mara ngapi, nani alikosea. Asisikilize rekodi kabla. Akishaisikia atakuwa anakumbuka rekodi badala ya siku yenyewe. Msimkatize mkisema "si ulituambia Tabora?" Akisema safari hii Morogoro, mwacheni aseme Morogoro. Maelezo yanayofanana neno kwa neno kila mara ndiyo yanayotiliwa shaka.

Pamoja na hiyo tafuteni karatasi. Mwaka 1984 safari ya bendi haikuwa bila karatasi: vocha ya posho, barua ya ruhusa kazini, picha mbele ya basi au jukwaani yenye tarehe nyuma, barua aliyomwandikia mama yako kutoka Dar. Vitu hivi viko chini ya magodoro na ndani ya masanduku ya bati, na panya nao wanavitafuta. Utepe wenyewe ulikuwa wa RTD, na hazina ile iko TBC sasa; ombeni kwa barua rasmi taarifa za rekodi ya wimbo huo, mkitaja bendi na mwaka. Halafu wako walio hai: mpiga tumba, mpiga tarumbeta, fundi mitambo. Kila mmoja aandike maelezo yake peke yake na kuapa mbele ya kamishna wa viapo. Msiwakusanye sebuleni mkawapa soda mkawaandikia.

Bahasha ya mjomba achaneni nayo. Inasikika kila mahali, tangu enzi za stempu za senti, na kwenu ina kasoro mbili. Muhuri wa posta wa mwaka huu utaonyesha kwamba mwaka huu mlikuwa na nakala ya wimbo uliorekodiwa 1984, jambo ambalo na mimi naweza. Na ubishi wenu hauko kwenye lini wimbo ulitungwa, uko kwenye nani alitunga kipande gani. Afadhali nauli ya posta mnunulie nyuzi.

Kuna dhana nyingine ambayo hukuiandika ila nadhani ipo, kwamba kwa kuwa baba hakujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, basi hana kitu. Hapana. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999, hakimiliki huzaliwa kazi inapotungwa, bila kusubiri cheti. Usajili unasaidia kuthibitisha na kupata mirabaha, ndiyo, mfanyeni asajiliwe, ila haki haianzii dirishani. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na wakiwa watunzi wawili, miaka hiyo huhesabiwa baada ya kifo cha wa mwisho. Maana yake ni kwamba familia ya marehemu isimwone baba yako kama mwizi tu: akitambuliwa kuwa mtunzi mwenza, na wao muda wao unarefuka. Hilo neno nimeona likilainisha nyuso ngumu. Hakishiriki ya mpigaji ni fupi zaidi, miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliopiga. Kwa hesabu ya kawaida, kazi ya 1984 inakwenda hadi mwisho wa 2034. Ila baba alipiga miaka 15 kabla ya sheria hii, wakati ile ya 1966 ndiyo inatumika, na namna sheria mpya inavyoigusa kazi ya zamani ni swali la kumwekea wakili mezani. Atauliza pia kama baba alikuwa mwajiriwa wa mwenye vyombo. Deiwaka kwa kawaida hakuwa, na kwa mara ya kwanza ule unyonge wa kutokuwa na ajira unaweza kumsaidia.

Kuhusu kijana wa bongo fleva, swali la kwanza ni amekata au amepigiza upya? Kama amekata sauti kutoka rekodi ya zamani, amegusa mafungu yote matatu: utunzi, upigaji na rekodi. Kama prodyuza wake amempata mpiga gitaa akapiga upya, amegusa utunzi tu, na hapo dai la baba lisimame kwenye utunzi au lisisimame kabisa. Vaa spika za masikioni, sikiliza nyuma ya gitaa. Siku zile bendi ilipiga chumba kimoja kwa pamoja, sauti za vyombo ziliingiliana kwenye maikrofoni. Kipande kilichokatwa kitakuja na mkia wake: tumba inagonga kwa mbali, utepe unavuma, na kila kinaporudi kinarudi na mgongo ule ule. Siku hizi zipo programu za kutenganisha vyombo, lakini gitaa lililochomolewa hivyo huwa na sauti ya majimaji, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Upigaji mpya ni msafi, na kodi za chini zinasikika kuliko zamani.

Mkishajua hilo, njia zenu ni hizi, na nitakwambia ninavyoziona. Kumwekea kijana zuio YouTube ni rahisi na ndiyo itakayowajia kichwani kwanza, kwa sababu inafanyika ukiwa umelala kitandani. Msianze nayo. Unapodai pale unathibitisha kwamba wewe ndiye mwenye haki, na ninyi hilo ndilo bado linabishaniwa. Kijana akipinga, mtarudi kutafuta zile zile karatasi, ila sasa mkiwa maadui. Na huenda kijana ameomba ruhusa kwa nia njema, kwa watu aliotajiwa redioni maisha yake yote.

Kesi ipo, siikatai. Lakini ni ndefu, inagharimu, mashauri yana ukomo wa muda, na mtunzi anayetajwa ameshazikwa, hawezi kuulizwa. Watu hunitajia Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi Mbube 1939 akauza haki zake kwa shilingi 10, na familia yake ikafikia suluhu 2006. Kweli ilitokea. Ila kesi ile ilisimama juu ya kifungu cha sheria ya Uingereza ya 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, na Linda alijulikana bila ubishi kuwa ndiye aliyetunga. Ninyi mna ubishi huo huo ambao wao hawakuwa nao. Upande wa pili kuna Gregory Coleman, mpiga drams wa bendi ya The Winstons. Sekunde kama saba alizopiga peke yake mwaka 1969 zimekatwa na kuwekwa kwenye maelfu ya nyimbo. Alifariki 2006 akiwa fukara, hakupata hata senti ya vipande vile. Mwaka 2015 mashabiki walichanga pauni zipatazo 24,000, zikaenda kwa kiongozi wa bendi, aliyekuwa hai.

Mimi ningeanza na familia ya marehemu, kwa mzee mmoja anayeheshimika pande zote, bila wakili na bila kaka zako wawili wenye hasira. Ombeni jambo moja lisilogharimu: wakubali kwa maandishi kwamba gitaa la wimbo ule lilipigwa na baba yako, au na wazee wawili. Hapo hawapotezi shilingi. Karatasi hiyo ikipatikana, mwombeni kijana aongeze majina kwenye maelezo ya wimbo wake, jambo la dakika tano. Wengi wa vijana hawa, nikiri, hufurahi. Wanajipiga picha na mzee. Mazungumzo ya mgawo wa utunzi yaje baadaye, mkiwa na karatasi mkononi. Yakikwama, pelekeni COSOTA, wanasuluhisha migogoro ya namna hii, na afisa utamaduni wa wilaya atawaelekeza mlango. CHAMUDATA, chama cha muziki wa dansi, wana wazee wanaokumbuka nani alipiga wapi.

Yako mambo ambayo hayangoji barua nyingine kwangu. Mtu yeyote akija na karatasi ya kusaini, hata akisema ni ya "kutambua mchango" na ana bahasha ya pesa mfukoni, baba asisaini kabla wakili hajaisoma. Kwenye karatasi kama hizo huwa kuna mstari wa kukabidhi haki zote milele. Hali kadhalika mkipokea barua ya madai, au mkiona wimbo umetumika kwenye tangazo la biashara. Kama wakili ni ghali, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Ulizeni halmashauri yenu iwaonyeshe waliosajiliwa Mwanza. Na hiyo ya kutokula, mwanangu, ikizidi wiki mbili au mzee akianza kukonda, mpelekeni hospitali. Msiitupie lawama redio moja kwa moja, kwa umri wake inaweza kuwa kitu kingine.

Kuhusu mzee wa Nansio, mpigieni simu. Usipige wewe wala kaka, apige baba mwenyewe, na asianze na wimbo. Aanze na treni, na nani alikuwa anakoroma. Wakishacheka, amwambie anakuja Ukerewe na gitaa. Nunueni seti mbili za nyuzi, kwa sababu gitaa la mwenzake huenda halijaguswa siku nyingi, na boti ya Nansio mkae upande wa kivuli. Simu ya kurekodia ichajiwe usiku.